Kizimba Namba Sita

Nyuma ya ghala la chama cha msingi, Kitangari,
kipo chumba kilichokuwa cha magunia ya katani.
Humo ndimo ninamofuga mbu.
Si hawa wa masikioni usiku. Wa mikorosho:
miguu nyuzi, kipini kimesimama mgongoni badala ya puani,
na jike kifua chake rangi ya bibo lililoiva.

Alfajiri nawakatia machipukizi mororo,
nayasimamisha katika vichupa vya dawa ya kikohozi,
pamba shingoni, maji yasimwagike.
Nachuma kwa Bibi Nambunga,
mikorosho yake mitatu ya uani haijaonja dawa.
"Chama kimeishiwa kazi," ananiuliza,
"hata kikuajiri kunyonyesha wezi?"
Namwambia mwizi hulishwa ujulikane mkono anaolia.
Anacheka, ananivutia tawi jingine. Hajaridhika.

Kweli kikulacho ki nguoni mwako;
sisi tumekwenda mbali, tumekishonea nguo:
chandarua cheupe, zipu, namba ya wino.

Mayai huyaoni. Jike huyachomeka ndani ya kikonyo,
nje hubaki nywele mbili,
nyembamba kuliko kope za mtoto wa siku tatu.
Wiki ikipita hutoka kitu chekundu kinatetemeka.
Hakijakauka vizuri kimeshapata pa kuchoma,
na pale kilipochoma panaanza weusi.

Wa namba sita waliletwa mwezi Juni.
Mjomba Likanga alikuja nao mwenyewe kwa baiskeli,
ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari.
"Hawa," alisema, "nimewapulizia mara tatu."
Katikati ya vidole vyake ngozi imebabuka.
Dawa kaikopa, watamkata mnada wa kwanza,
na shambani ncha za matawi zimekauka zote
kama zilizopitiwa na moto usiotoa moshi.

Nikawazalisha. Vizazi viwili.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya vipimo.
Vikombe vitano. Cha kwanza maji matupu.
Kisha nusu, kisha kipimo kilichoandikwa kwenye chupa,
kisha mara mbili, kisha mara nne.
Kumi kila kikombe, nawahamisha kwa brashi ya nywele chache,
kama mtu anayemtoa mwenziwe kibanzi jichoni.

Halafu kungoja. Sheria ni saa ishirini na nne.
Mguse: akitikisa mguu, hata mmoja, andika hai.
Nimekaa na kalamu nikiwaombea kifo
hao hao niliowaamkia jogoo hajawika.

Kipimo cha chupa: saba hai.
Mara mbili: wanne.
Nagusa tena. Wanne.
Mmoja kapanda ukingoni, anafuta mrija wake
kwa mguu wa mbele, bila haraka,
mgeni aliyekwisha kula.

Na wale wa namba moja, wa uani kwa Bibi,
kwa chupa ile ile, mkono ule ule,
walikwisha wote kabla ya adhuhuri.

Nje mjomba kakaa juu ya mzani wa chama,
mshale umeganda kwenye hamsini na tatu.
Anangoja nimpe jina la mwizi:
mwenye duka aliyechanganya maji,
au dereva, au hata mimi.
Mtu wa kugombana naye.

Sina mtu. Nina saba.
Nitamwambiaje kwamba tulikuwa wafugaji wawili,
mimi chumbani na yeye shambani;
kwamba kila alipofunga kitambaa puani akapiga pampu
aliwaua wanyonge, akawaachia uwanja mashujaa waoane?
Na majimoto je, wale siafu wa juu
waliokuwa wakiwala bure, bila mkopo,
aliowachoma na viota vyao mwaka juzi
kwa kuwa waliwang'ata wanawe?

"Dawa mbovu, sivyo?" sauti yake mlangoni.

Nasema subiri kidogo, mjomba.
Daftari linataka kizazi cha tatu.
Nawatilia wale saba chipukizi jipya, maji mapya.
Nafunga zipu.

Mkono mmoja bado umeshika brashi.